Bongo ya Acom

Acom alikuwa ameshavuka mpaka, kibuyu kimefungwa mgongoni kama mtoto, na watu wa pikipiki waliompigia kelele aliwapita bila kugeuza shingo. Tangu kijijini kwake Masinya, upande wa Uganda, alikuwa kwa miguu. Maziwa yaliyoshika hayapendi kurushwarushwa.

Alikuwa anakwenda kwa Benard, fundi baiskeli upande wa Kenya, mume wa binti yake Kate. Kisukari kilikuwa kimemkalia Benard miaka tisa, na sasa daktari alisema figo zimeanza kuvuja. Kate alikuwa kazini Kampala, kwa hiyo Benard alipikiwa na dada yake, Harriet.

Wiki tatu nyuma, Acom, ambaye naye ana sukari, alimsikia muuguzi wa kwao akisifu maziwa ya kuchachusha yasiyotiwa sukari: yana vijidudu vizuri, tumbo linatulia. Acom alitabasamu. Miaka arobaini anachachusha, na wasomi ndio kwanza wanafika! Kuongea na mkwe hakuweza, si desturi, basi alimpigia Harriet: "Mwambie akule bongo. Kikombe moja kila siku." Leo alikuwa anampelekea ya mkono wake.

Alifika akaketi nje, mgongo ukutani, ili asionane na mkwe aliyekuwa ndani.

"Bongo anakula, Mama," Harriet alisema, "ila imemchosha. Hata mwenye bucha ananiuliza, hawa mbuzi wengine waishi bila vichwa?"

"Bucha? Bongo ya bucha?"

"Si ulisema bongo? Ya kichwani!"

"Uganda bongo ni maziwa! Hii nyinyi mnaita maziwa lala!"

Ndani, Benard alicheka hadi akakohoa. "Harriet, mwambie Mama nimekula akili ya soko zima. Bado kidogo niwe profesa."

Acom naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Wiki tatu! Kama amemharibia Kate mume, atamwambia nini?

Harriet alipiga simu kliniki. Muuguzi Valarie hakucheka hata kidogo. "Hizo bongo ziishe leo, zinalemea figo. Maziwa pia asiguse kwanza. Aje apimwe damu."

Walikwenda. Acom alibaki pale ukutani, kibuyu mapajani, hata maji hakunywa. Saa kumi walirudi.

"Figo hazijaongeza ubaya," Harriet alisema. "Maziwa lala wamekubali, kikombe kimoja tu, na chai sasa ni ya rangi. Dawa haachi."

Acom alishusha pumzi. Kisha sauti ya Benard ikatoka ndani, bila kupitia kwa dada: "Mama, Masinya ni mbali. Nifundishe."

Mwanamume achachushe maziwa! Acom hakugeuka, lakini uso ulimng'aa. Alimfundisha kupitia ukuta: osha kibuyu kingine, tia moshi, chemsha maziwa, subiri.

"Bado. Nasikia harufu ya mvuke. Ukimwaga ya moto inaua mbegu."

"Mama, una macho kisogoni?"

"Niko na pua. Tia kidole. Kama kidole hairuki kwa moto, mwaga kwa kibuyu. Halafu ongeza ya kwangu kidogo, hiyo ndio mbegu."

Kwa mkwe halali mtu. Alilala kwa jirani. Asubuhi alisikia kibuyu kikitikiswa ndani, dup, dup, mlio mzito, na mkono wenye grisi kuchani ukatoa kikombe mlangoni. Acom alikipokea akiwa amegeukia barabara. Akaonja. Akaonja tena.

"Hii ni bongo," alisema, kwa sauti ya kufika kwa majirani.

Figo za Benard hazikupona. Zilisimama pale pale mwaka mzima, na daktari hasemi ni kwa sababu ya maziwa, wala hasemi si hayo. Bado anameza vidonge na bado anatengeneza baiskeli. Harriet aliolewa Tororo. Valarie alihamishwa. Kate alirudi Desemba, akakuta mumewe anachachusha vizuri kuliko yeye. Mwenye bucha alipata mteja mwingine wa vichwa. Acom yuko Masinya, ana ng'ombe wawili. Bongo anayouza inaisha saa tatu asubuhi, ukichelewa, hupati.