Upande wa Tangi

Evelyn alikuwa anaota meno. Ukimlaza analia, ukimbeba anakutafuna bega. Basi tangu asubuhi alikuwa mgongoni mwa mama yake. Blandina alipotoka nje saa kumi jioni, kiuno kikimwuma, aliwakuta mumewe Melkizedek na fundi Piusi wameshapiga vigingi nyuma ya nyumba na kuvizungushia kamba.

Ilikuwa nyumba ya mawe, kando ya barabara ya kwenda Oldeani, iliyojengwa na mlowezi wa Kijerumani aliyelima kahawa zamani. Baba mkwe wa Blandina aliishi humo miaka ishirini na kufia humo, lakini Karatu nzima bado waliiita kwa Mjerumani. Sasa Melkizedek alitaka kuitengeneza kwa nje: abandue lipu iliyooza ili mawe yaonekane, apake rangi madirisha, aongeze vyumba vitatu vya watalii wanaopanda kwenda kreta ya Ngorongoro. Ramani ilichorwa Arusha na kijana ambaye hakuwahi kufika.

"Mama Evelyn, njoo uone. Hapa kitanda, hapa dirisha. Mgeni akiamka anautazama msitu wote wa Ngorongoro."

Blandina akaifuata kamba kwa macho. Ilipita juu ya kifuniko cha tangi, katikati kabisa.

Tangi hilo lilikuwa chini ya ardhi, limejengwa kwa mawe, nalo lilipokea mvua ya paa zima. Mwaka ule wa 2000 mvua ilikuwa imewakimbia. Bomba la mji lilitoa maji siku moja kwa wiki, na siku nyingine lilitoa upepo tu. Wanawake wa kijiji cha Qurus walikuwa wakipita barabarani na punda wenye madumu kabla jua halijatoka. Yeye alikuwa bado anateka nyumbani kwake.

"Na tangi?"

"Tunalijaza kifusi. Tumeshaongea na fundi."

"Umeongea wewe," Piusi alisema, akikunja futi kamba. "Mimi nilikuwa nasikiliza. Ninyi Wachaga mmezoea mifereji inayopita mlangoni. Mnadhani maji yanazaliwa yenyewe."

"Na ninyi Wambulu mngechimba tangi hata kanisani."

Piusi akacheka. Melkizedek hakucheka. Akaushika ukuta uliokuwa karibu naye, lipu ikamdondokea viatuni.

"Mama Evelyn, wewe unajua. Mwaka wa mvua za El Niño ukuta huu ulitoa jasho miezi mitano. Baba alikuwa analala nyuma yake. Kile kifua kilichomuua hakikutoka kwingine, kilitoka hapa. Mimi tangi hili silitaki."

Blandina alijua, na alijua zaidi ya hapo. Kwa miaka minne alikuwa amelibeba jambo hilo kimya, na leo hakuwa na nguvu za kubeba vitu viwili.

"Fundi," alisema, "tangi kama hili likijaa, maji yanakwenda wapi?"

"Panakuwa na bomba la kutolea yaliyozidi. Lazima. Mjerumani hakuwa mjinga." Piusi akapiga magoti ukingoni, akakwangua udongo kwa mwiko. Baada ya muda akaacha. "Lipo. Limezibwa kwa saruji."

"Nani alilizi—" Melkizedek akaanza.

"Baba," Blandina alisema. "Mwaka ule nilioolewa. Aliona maji yakimwagika shambani baada ya mvua moja kubwa, moyo ukamwuma. Akaniambia, mwanangu, tutakuja kuyatafuta haya. Mimi ndiye niliyemkorogea saruji."

Evelyn akahema usingizini. Hatimaye alikuwa amelala.

"Mwaka uliofuata ikaja ile mvua," Blandina aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Maji hayakuwa na pa kutokea, yakaingia chini ya ukuta. Nilitaka kukuambia siku ya mazishi. Kisha nikaona, nimwambie nini mtu anayemlilia baba yake?"

Melkizedek akaketi juu ya rundo la mawe. Aliutazama mwiko wa fundi muda mrefu.

"Alifurahi?" akauliza. "Siku ile mlipoziba."

"Alifurahi sana. Aliniambia nimtengenezee chai."

Piusi akajifanya kutafuta kitu kwenye mfuko wake wa vyombo.

"Likizibuliwa," Melkizedek alimwuliza bila kumtazama, "ukuta utakauka?"

"Msimu mmoja. Lakini vyumba haviwezi kukaa hapa, Melki. Na upande wa barabara kuna vumbi, mgeni hatalala."

Ulibaki upande mmoja tu, na wote watatu waliujua: upande wa mashariki, penye jiko la Blandina, alilojengewa baada ya kujifungua, lenye bomba la moshi linalovuta vizuri na benchi la kunyonyeshea.

"Vunjeni jiko," alisema.

"Utapikia wapi?"

"Nje. Nitaweka mabati mawili ya kuzuia upepo." Akamvuta mtoto juu kidogo mgongoni. "Tangi lifunikwe vizuri tu, huyu ameanza kutambaa."

Melkizedek akainuka, akang'oa kigingi cha kwanza. Kilikuwa kimezama, akakitikisa mara tatu. Blandina akashika ncha ya kamba, kwa kuwa Piusi alikuwa ameshapiga magoti tena kwenye bomba, wakaanza kuelekea mashariki.