Mpangilio wa Kanda za Winchi

Kwa miezi miwili na nusu tulitengeneza programu ya winchi mara kumi na tisa, na mara saba ilitoka mbovu. Hakuna aliyebadilisha hata tundu moja. Hilo ndilo lililonikera. Kanda zilikuwa zilezile, mashine ileile, mikono ileile ya Mama Régine, mpangaji wetu wa kanda, lakini leo ndoo ya mawe ilisimama kwenye mdomo wa shimo kama ilivyotakiwa, na kesho kutwa ilipitiliza mita mbili ikagonga boriti.

Huo ulikuwa mwaka 1974, nami nilikuwa mkuu wa karakana ya programu katika kampuni moja ya shaba pale Lubumbashi. Karakana ni neno kubwa. Tulikuwa watatu na kabati. Winchi ilikuwa na kompyuta yake ndogo, haina kioo wala vibonye, kazi yake ni kuiambia mota lini izunguke na breki lini ikamate. Programu yake tuliiandika kwenye kanda za karatasi zenye matundu. Kanda ya kwanza ilitoka kwa watengenezaji, ya pili niliandika mimi, ya tatu Godefroid, mwenzangu. Mama Régine alizilisha kwenye mashine moja baada ya nyingine, na mashine ikatema kanda moja ndefu ambayo ndiyo iliyopelekwa mgodini.

Mimi si mtu wa subira. Nililaumu umeme, nikalaumu vumbi la Agosti, nikalaumu karatasi iliyokaa sana stoo. Nilipoishiwa na vitu vya kulaumu nilinunua daftari, nikaandika kila tulipotengeneza kanda: siku, saa, joto, nani yupo. Godefroid alinicheka, akasema nimekuwa kama muuguzi wa zamu. Nikamwacha acheke.

Daftari lilisema kitu ambacho sikukipenda. Mara zote saba kanda ilipotoka mbovu, citoyen Mwansa alikuwa karakanani.

Mwansa alikuwa mjumbe wa chama katika kampuni; citoyen, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoamriwa kuitana. Hakugusa mashine kamwe. Alikuja Jumatatu baada ya kupandishwa bendera, na siku nyingine yoyote aliyojisikia, akakaa kwenye kiti changu na kuuliza kama tunaendelea vizuri. Huwezi kumwandikia mkurugenzi kwamba winchi inaharibika kwa sababu mjumbe wa chama amekaa kwenye kiti. Basi nikaamua kumtazama Mama Régine badala ya mashine.

Ilinichukua dakika tano. Tangu serikali ilipopiga marufuku majina ya ubatizo miaka miwili kabla, kila sanduku la kanda kabatini lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja kibandiko cha zamani: Anaclet, yaani mimi, na Godefroid. Upande wa pili kipya: Musonda, jina langu, na Bwalya, la Godefroid. Mwansa akiingia, masanduku yaligeuzwa upande mpya. Akitoka, yaligeuzwa tena. Tulifanya hivyo bila kuambiana, kama mtu anavyochomekea shati akimwona mkwe wake. Mbele yake Mama Régine alikuwa citoyenne Mwape; kati yetu wenyewe tuliitana kama mama zetu walivyotuita.

Nilimuuliza Mama Régine anazilisha kanda kwa utaratibu gani.

“Ile ya watengenezaji mbele, chef, kiisha napanga na herufi, vile majina inaonekana,” akasema. “Kama citoyen haiko, Anaclet mbele, Godefroid nyuma. Kama iko, Bwalya mbele, Musonda nyuma. Vile banatufundishaka.”

Hivyo ndivyo alivyofundishwa, kweli, miaka kumi nyuma. Na mimi ndiye niliyemfundisha.

Kilichobaki kilikuwa rahisi mpaka nikaona haya. Katika kanda ya Godefroid kulikuwa na kipande cha breki cha winchi ya zamani, alichokiacha humo kwa majaribio akakisahau. Katika yangu kulikuwa na breki ya winchi mpya. Vipande vyote viwili viliitwa FREIN, breki kwa Kifaransa. Mashine ikikuta vipande viwili vya jina moja, inachukua cha kwanza na kukipuuza cha pili, bila kupiga kelele. Nikitangulia mimi, ndoo inasimama. Akitangulia Bwalya, ndoo inapitiliza.

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikaniishia.

Siku hiyohiyo Godefroid alikata kipande chake. Nilipaka namba kwa rangi nyekundu juu ya vifuniko, 1, 2, 3, na kubandika ukutani karatasi ya utaratibu: kanda zilishwe kwa namba, kila programu itengenezwe mara mbili, kanda mbili zilizotoka zipandanishwe na kuinuliwa dirishani. Mwanga ukipita kwenye kila tundu, ni sawa. Ukizibwa popote, tunarudia. Tangu siku hiyo mpaka winchi ile ilipokufa, haikutoka kanda mbovu hata moja. Najivunia karatasi ile, sifichi.

Lakini mkurugenzi alitaka sababu kwa maandishi kabla ya Ijumaa, maana boriti ilikuwa imepasuka na mafundi walikataa kufanya kazi chini yake. Na kwake yeye sababu ilikuwa lazima iwe na mtu. Mtu huyo angefukuzwa. Nakala moja ingekwenda kwa citoyen Mwansa.

Niliketi na Godefroid. Kuandika ukweli kulikuwa kuandika kwamba ndani ya karakana tunatumia majina yaliyokatazwa na kuyageuza kumdanganya mjumbe. Godefroid alimjua mwalimu aliyefungwa kwa dogo kuliko hilo.

“Ukiandika ile ya majina, tutaenda bantu batatu,” akaniambia. “Ukiandika Mama Régine, ataenda yeye mumoja.”

Mama Régine alikuwa mjane wa fundi wa reli. Alikaa na watoto wanne kwenye nyumba ya kampuni kule Bel-Air, na nyumba ilifuata kazi. Nilikula kwake Krismasi mbili. Nayasema haya ili isidhaniwe sikujua.

Niliandika kwa mkono: “Sababu: mpangaji wa kanda hakufuata mpangilio mmoja.” Halikuwa neno la uongo. Ndiyo maana linaniuma mpaka leo. Uongo ningeweza kuuungama.

Mpiga taipu wa karakana alikuwa yeye huyohuyo. Nilimpa karatasi nikajifanya natafuta kalamu. Aliisoma mpaka mwisho, akaniuliza kama aandike yote vile iko. Nikasema ndiyo, mama. Alipiga bila kosa hata moja, akaniletea nitie sahihi. Chini kabisa, chini ya mstari wa sahihi, alikuwa amepiga: Anaclet Musonda.

Kwenye nakala yake Mwansa angelisoma jina lililokatazwa. Mama Régine alisimama mbele yangu, mikono kwenye mfuko wa aproni, hakulia na hakunitazama vibaya.

“Ni jina tunakuitaka hapa ndani, chef,” akasema.

Ningeweza kuchana karatasi ile na kuandika nyingine yenye ukweli wote. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, muda ulikuwepo. Mwansa hakuwepo, mlango ulifungwa, Godefroid alikuwa ameinamia meza yake. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

“Citoyenne Mwape,” nikamwambia, “piga tena.”

Miaka kumi na moja tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kumwita hivyo bila Mwansa kuwepo. Aliichukua karatasi. Akapita kwanza kabatini, akageuza masanduku upande mpya, moja moja, kisha akaenda kukaa kwenye mashine yake.