Mteja wa Shingo Wazi

Vichwa vya watu kinyozi alivijua. Kuku, hata kidogo. Mama mkwe alipomtumia tetea, nusura azimie: shingo nzima nyekundu, haina unyoya hata mmoja!

"Mapunye haya!" akamwambia mkewe. "Kayapata njiani, maana mama yako anasema kamtuma mzima."

Mkewe naye hakujua kitu. Mama yake alianza kufuga kuku binti alipokwisha kuolewa.

Hofu ya kinyozi ilikuwa na mizizi. Wiki moja baada ya harusi, baba mkwe alimwambia ampunguzie ndevu zake, alizozilea miaka thelathini. Jamani, kinyozi alizifyeka zote! Mwaka wa pili huu wakwe hawakanyagi kwake, na mkewe hulia akiwakumbuka. "Mikono ile haijui kutunza cha mtu," mama mkwe alisema. Sasa kaleta kuku, na salamu fupi: baada ya wiki mbili nakuja kumwona. Kuku akifa, basi tena, wazazi hawatarudi.

Asubuhi na jioni, pale barazani anaponyolea, alimkalisha kuku kwenye kiti cha wateja, akamfunga taulo, akampaka dawa ya mapunye. Unyoya uote wapi! Shingo ilizidi kung'aa tu.

"Leo anakata mtindo gani?" mteja mmoja akauliza.

Kinyozi hakucheka.

Siku ikafika. Mama mkwe akamkuta kuku kitini, kafungwa skafu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, kinyozi. Kuku ana baridi?"

Kinyozi akaeleza yote, jasho likimtoka. Mama akafungua skafu, akanusa, akaketi kizingitini akicheka hadi machozi.

"We kinyozi we! Huyu ni kishingo! Ndiyo mbegu yao, huzaliwa hivyo na hufa hivyo!" Akaonyesha kuku wa jirani waliokuwa wakiparua uani. "Yule kibwenzi mwenye kishungi cha manyoya kichwani, utampunguza? Na yule kidimu, manyoya yamepindia nyuma, utampiga pasi?"

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Umempaka siku ngapi?"

"Kumi na nne, Mama. Sijaruka hata moja."

"Na taulo?"

"Safi, kila mara."

Mama akaacha kucheka. Akaitazama ile mikono, imebabuka kwa dawa.

"Mwanangu," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "baba yako yuko getini, anaona haya kuingia. Ndevu zimemfika kifuani, hataki mtu aziguse. Mwite."

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza ndani, alishatoka mbio kumlaki, kajifunga kanga mbili. Kinyozi akaosha mkasi mara mbili.

Mzee akapanda baraza, akasimama mbele ya kiti.

"Mshushe kwanza mteja wako," akasema, kisha akaketi, akainua kidevu. "Na safari hii, nikisema punguza, ni punguza."