Ngao ya Akina Thirlby

Desmond Thirlby alikuwa ofisa wa nembo wa Malkia kule London. Siku za sherehe za kifalme alivaa joho lililotariziwa simba, akasoma matangazo kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja. Siku nyingine alichora ngao zenye nembo za koo kubwa na kuamua nani ana haki ya kuzirithi. Wengi aliwakatalia, kwa adabu.

Kazi hiyo aliiacha mwaka 2001 kumfuata mkewe Avelina, mfamasia mzaliwa wa Bukoba aliyepata ajira Minnesota. Walihamia Woodbury pamoja na Natasha, binti wa Avelina, ambaye baba yake alifariki yeye angali mchanga. Huko hakuna aliyehitaji mtu wa nembo. Desmond alipata kibarua katika duka la vikombe vya michezo, akawa anachora tai na mbwamwitu kwa ajili ya timu za shule. Faraja yake ilikuwa Natasha, aliyemwita baba.

Natasha alipomaliza sekondari, wakaandaa sherehe kwenye gereji ya nyumba yao kama majirani wafanyavyo. Natasha akamwomba Desmond amchoree ngao ya akina Thirlby aitundike kando ya picha zake.

"Siwezi," Desmond alisema. "Ngao hufuata damu."

"Kwa hiyo mimi si mwanao?"

Alimjibu kuwa ni mwanawe, ila sheria hakuitunga yeye. Avelina hakuingilia, kwani kwao Bukoba pia mtoto ni wa ukoo wa baba. Baada ya sherehe Natasha alihamia Burnsville kwa mama yake mdogo, Dativa, na simu za Desmond hakuzipokea tena.

Majira ya baridi Desmond akapata kiharusi. Sauti ilipotea, mkono wa kulia ukafa. Asubuhi moja alionyesha rangi zake kwa kidole, Avelina akamletea. Kwa mkono wa kushoto akaichora ngao ile, mistari ikienda upande, na chini akaandika jina la Natasha.

Avelina aliipeleka Burnsville. Natasha aliitazama sana, kisha akairudisha.

"Alisema si yangu, mama. Leo anaumwa, ndiyo imekuwa yangu?"

Alisihiwa aje walau amwone. Akasema labda wikiendi.

Avelina aliporudi, Desmond alikuwa macho, akimtazama mikono.

"Ameipokea," Avelina alimwambia. "Ameitundika sebuleni."

Desmond akafumba macho. Alifariki Alhamisi. Natasha alikuja mazishini, akasimama nyuma na Dativa, asilie. Ngao ilikuwa bado kwenye buti la gari, na Avelina hakujua amkabidhi nani.