Sekunde Nane za Kocha

Kocha hakuwa mwongo. Hilo tuliseme mapema, kabla watu hawajaanza kumchambua kama karanga. Rafiki yake akimwuliza kama gauni limempendeza, alijibiwa kama lilivyo, na ndiyo maana marafiki zake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa sekunde nane.

Chuoni alikuwa na kazi mbili. Mchana alitunza stoo ya vifaa vya michezo, chumba chembamba chenye harufu ya mipira na jasho la zamani, na jioni alifundisha mbio ndefu. Saa ya kupimia mbio haikumtoka shingoni, hata msibani alikwenda nayo, basi wanafunzi wakambatiza Mama Sekunde. Miaka ya nyuma alikuwa na mkimbiaji mmoja hodari. Akamsifia mbele za watu, akamvika kilemba cha ukoka, na kijana akavimba kichwa mpaka wenzake wakamwita Mheshimiwa. Alikuja mazoezini kama mgeni rasmi: amechelewa, na anapunga mkono. Miezi sita tu, kwisha habari yake. Kocha akaapa kwamba hatamharibu mtoto wa watu tena kwa sifa.

Ndipo akaja Sindano. Walimwita hivyo kwa wembamba wake, na kwa jinsi alivyopenya katikati ya wenzake bila kumgusa mtu. Wiki ya kwanza Kocha alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Furaha nusura imwangushe. Lakini alipomsogelea kijana, yeye Kocha alikuwa amekunja uso kama aliyelamba ndimu, akamsomea muda wenye sekunde nane za nyongeza.

"Jitahidi," akamwambia. "Bado sana."

Kijana akajitahidi kweli kweli. Kila akishusha muda, Kocha naye anaongeza nane zake. Na kwa kuwa Sindano alipenda kupekua daftari la mazoezi, Kocha aliandika humo muda ule ule wa uongo, kwa wino. Kwenye mashindano ya vyuo hakuna aliyejali muda. Wa kwanza alipewa kikombe, akapigwa picha, watu wakaenda kula. Kwa hiyo aliyejua kasi ya Sindano alikuwa mtu mmoja tu duniani. Kocha alishapanga: wiki moja kabla ya majaribio ya timu ya taifa atamkalisha chini, amwambie ukweli wote, kijana aruke mpaka dari. Aliiwaza siku hiyo hata akiosha vyombo, akawa anacheka peke yake jikoni.

Mipango, jamani! Alhamisi moja mchana, miezi miwili kabla ya majaribio, Sindano aliingia stoo na mfuko mkononi. Wiki tatu nzima hakuonekana uwanjani. Alituma salamu tu kwamba ana mitihani.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Mitihani imekwisha? Maana nimeanza kuisahau sura yako."

Hakucheka. Alitoa vitu mfukoni kimoja kimoja, akavipanga mezani: traksuti ya chuo iliyofuliwa na kukunjwa, jezi mbili, na viatu vya mbio vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa.

"Nimekuja kurudisha, Kocha. Naenda jeshini. Kesho saa mbili asubuhi natakiwa getini."

Kocha alidhani ni utani. Akatazama uso wa kijana, akaona si utani.

"Jeshi gani wewe? Na majaribio je?"

"Majaribio ni ya walio chini ya dakika kumi na nne." Alisema kwa upole, kana kwamba anamfariji yeye. "Sikukwambia, lakini nilijiwekea nadhiri. Zile mita elfu tano za mwisho nilikimbia mpaka nikatapika, unakumbuka? Nilisema moyoni, leo nikishuka chini ya kumi na nne, naendelea. Nisiposhuka, basi, siyo riziki yangu, niache kuwasumbua wazee. Ukasema kumi na nne na sekunde mbili."

Kocha alikumbuka. Saa ilikuwa imesoma kumi na tatu na hamsini na nne. Alikumbuka pia kwamba siku ile alipomaliza kusema uongo wake aligeuka upande wa pili, machozi ya furaha yasionekane.

Sasa hapo ndipo pa kusema. Hapo hapo! Kijana yuko mbele yake, meza tu kati yao, na siku nzima imebaki. Lakini Kocha akapokea viatu, akavigeuza, akatafuta daftari la stoo, akaandika kwamba vifaa vimerudishwa vikiwa safi. Ndiyo, aliandika! Mwalimu wa mpira wa wavu akaingia kuulizia nyavu, na alipotoka Sindano alikuwa ameshaaga na kuondoka.

Jioni alimweleza mume wake, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Mume alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Umemfanyia nini mtoto wa watu?"

"Nilikuwa namlinda."

"Ulikuwa unajilinda wewe. Mheshimiwa alikuumiza, ukamtoza Sindano." Akarudi kwenye mshono wake, kisha akaongeza bila kuinua macho, "Kesho usiende kazini. Nenda huko getini ukayatapike yote."

Saa moja na nusu asubuhi Kocha alikuwa kambini. Nje ya geti vijana kama mia walijipanga foleni, kila mmoja na begi lake. Sindano alikuwa katikati, amenyolewa kipara, masikio yamejitokeza, anaonekana mdogo kuliko miaka yake. Baba yake, mzee mfupi aliyevaa shati lililopigwa pasi likanyooka, alisimama pembeni akitabasamu na kila mtu.

"Kocha! Umekuja kuniaga?"

Kocha alimvuta kando ya foleni. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri njiani, yakatoka ovyo ovyo.

"Nisikilize. Siku ile hukukimbia kumi na nne na mbili. Ulikimbia kumi na tatu, hamsini na nne. Niliongeza. Miaka miwili yote naongeza sekunde nane, usije ukavimba kichwa. Makosa ni yangu, mwanangu, siyo ya miguu yako. Wewe unaweza. Uliweza zamani."

Sindano, na hili ndilo ambalo Kocha hakulitegemea hata kidogo, akatabasamu.

"Kwenye daftari si iko kumi na nne na mbili? Niliiona kwa macho yangu."

"Niliandika uongo, kwa sababu ulikuwa unalisoma."

"Sasa hiyo hamsini na nne imeandikwa wapi?"

Kocha akagusa paji la uso wake. "Hapa."

Alisikia jinsi jibu lile lilivyotoka, akatamani kulirudisha mdomoni. Akavua saa shingoni, akamsukumia mkononi.

"Shika wewe mwenyewe! Twende uwanjani sasa hivi, ukimbie, usome kwa macho yako."

"Wiki tatu sijakimbia hata kwenda dukani, Kocha. Nitatoka kumi na tano, na wewe utasema ni kwa sababu ya wiki tatu." Akairudisha saa kwenye kiganja cha Kocha, akakifumbata kwa mikono yake yote miwili. "Nimekuelewa. Mama amelia wiki nzima, eti mimi ni wa kimataifa. Majirani nao hivyo hivyo. Kila mtu ananipamba ili nibaki. Mimi nilikuamini wewe kwa sababu wewe peke yako hukuwahi kunidanganya. Tafadhali, Kocha, usianze leo."

"Naapa mbele ya Mungu..."

"Usiape."

Sajini akapiga filimbi. Foleni ikasogea, Sindano akarudi mahali pake, akaokota begi. Alipofika getini aliinua mkono mara moja, akaingia, na geti likafungwa nyuma ya kijana wa mwisho. Kocha alibaki palepale, saa mkononi. Alitaka kupiga kelele namba zile, zote, kuanzia ya wiki ya kwanza, maana alizikumbuka zote. Nani angemsikiliza?

Baba mtu akamsogelea, akamsalimia kwa heshima kubwa.

"Mwalimu, asante kwa kuja. Kijana alitueleza habari zako, kwamba huyu mama hajui kupindisha." Akasita, akashusha sauti. "Naomba nikuulize, sasa ameshaingia. Mimi ndiye niliyemtafutia nafasi hii. Usiku silali, nasema huenda nimemkatia njia. Niambie ukweli tu: alikuwa na mbio kweli yule, au zilikuwa furaha zetu za nyumbani?"

Kocha alimtazama mzee. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mkono mmoja ulikuwa unashikashika kifungo cha shati bila kujua. Alikuwa tayari kuamini neno lolote atakaloambiwa.

"Alijitahidi sana, mzee," Kocha akasema. "Lakini alikuwa wa kawaida."

Mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yote yakalegea.

"Afadhali," akasema. "Mungu akubariki, mwalimu. Leo nitalala."