Damu ya Sakariye

Sakariye, mchuuzi wa mbuzi mtaani Galbet, alikuwa na ulimi wa kujisifu, na siku alipomtolea damu mkewe Ramlo soko zima lilijua. Ramlo alikuwa amejifungua mtoto aliyekufa tumboni, damu ikamtoka nusura afe, na hospitali ikawaomba jamaa wachangie. Sakariye alikunja mkono wa shati kwa mbwembwe. "Chukueni hata ndoo nzima," alisema.

Wiki mbili baadaye alipigiwa simu arudi. Alidhani anaitwa kushukuriwa, maskini.

"Damu yako hatukuitumia," muuguzi Saynab alimwambia mlango ukiwa umefungwa. "Tumekuta kaswende."

"Wallahi mimi si mtu wa hivyo, dada! Sina kidonda, sina nini."

"Hukaa mwilini miaka bila dalili. Unamwambukiza mke, na mtoto anafia tumboni. Mliwahi kuzika mwingine kabla ya huyu?"

Alikumbuka safari moja ya ujana, alipopeleka ng'ombe Nairobi kabla hajaoa. Kisha akamkumbuka Arbia, mke wake wa kwanza, aliyezaa watoto watatu wote wakiwa wafu, naye akampa talaka kwa kuwa hooyo, mama yake, alisema tumbo lile lina nuksi. Na asubuhi hiyohiyo hooyo alikuwa ameamua kwamba Ramlo naye arudishwe kwao Liboi.

"Na mke wangu wa kwanza tulizika watatu," alisema. "Dawa ipo?"

"Sindano za penisilini tu. Mlete mkeo. Na yule wa kwanza mtafute."

Sindano tu. Alitoka nje, akaegemea ukuta na kulia bila kujificha, mtu mzima na ndevu zake.

Alipofungua WhatsApp kumtafuta Arbia, alikuta ujumbe wa sauti ambao hakuwahi kuusikiliza. Wakati ule alidhani ni matusi ya mtalaka. Aliusikiliza mara mbili, kisha akashika njia ya nyumbani.

Ramlo alikuwa akikunja nguo zake, hooyo akimsimamia. Sakariye aliweka simu juu ya mkeka, akabonyeza ujumbe ule.

"Asalaam alaykum, Sakariye," Arbia alisema kwa upole. "Sikutafutii ugomvi. Nimepimwa hapa Wajir, nikakutwa na kaswende. Ndiyo iliyoua wanetu. Inatibika kwa sindano. Nasikia unaoa. Tafadhali kapimwe kwanza, umhurumie huyo binti."

Hooyo aliinamisha uso. Ramlo aliichukua simu, akatafuta tarehe kwa kidole.

"Hii ni wiki moja kabla ya nikaha yetu."

"Ndiyo," Sakariye alisema.

Ramlo aliirudisha simu mkekani, akamalizia kukunja nguo zilizobaki.

"Basi usinisindikize," alisema. "Sindano nitadungwa kwetu." Akafunga zipu ya begi mwenyewe, na safari hii hakuna aliyekuwa akimfukuza.