Nyumba Iliyopanda Mto

Jumanne asubuhi, boti lilipofunga kamba kwenye nyumba yake, Bi Zuraidah alikuwa akikanda samaki wa kusaga na unga wa sago ili apike pempek. Nyumba ilikuwa ya mbao, ikielea juu ya mianzi kwenye Mto Musi, mjini Palembang, mahali alipozaliwa mama yake. Hoteli mpya ilitaka ukingo uwe mtupu, wageni wapate kuona maji. Nyumba kumi na nane zilikwisha vunjwa, mbao zikatupwa mtoni, na wenyewe wakahamishiwa kwenye maghorofa mbali na mto.

"Shuka, Bi mkubwa," alisema Hendri, msimamizi wa kazi.

"Samaki wangu ataharibika. Wewe kokota tu."

Wakaikokota kilomita tisa kuelekea baharini, wakaitelekeza matopeni. Adhuhuri nyumba ikapanda mto yenyewe, mkondo ukiwa usoni, kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni, ikasimama mahali pake. Bi Zuraidah alikwisha maliza kuchemsha, sasa anakaanga.

Jumatano wakaikokota, ikarudi. Alhamisi pia.

"Leo umechelewa," muuza mboga mmoja alimwambia Bi Zuraidah, akisogeza mtumbwi wake ili nyumba ipite.

"Maji yamejaa, mwanangu."

Ijumaa Hendri alikuja bila kamba. Alikaa sakafuni, akala vipande sita vya pempek na mchuzi wake wa siki na pilipili, mpaka kamasi zikamtoka.

"Sasa mimi niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

Akaandika kwamba nyumba haikokoteki. Hoteli ikajengwa vilevile. Amri haikufutwa, na hakuna aliyewaomba radhi wale wa maghorofani.

Mwezi uliofuata Mang Sahlan, jirani wa zamani, alishuka kutoka ghorofa ya nne, akapanda mabasi mawili kuja kumsalimia Bi Zuraidah. Nje alikuta mbao zimeegemezwa ukutani. Akapapasa mmoja wenye rangi ya buluu.

"Huu si mlango wangu?"

"Ndiyo. Umefika jana, umelowa chapachapa. Madirisha yalitangulia Jumatatu."

"Na za wengine?"

"Zinakuja. Za mke wa Yahya nimeziona pale darajani, zinapanda polepole. Nzito zile."

Mang Sahlan akavua shati, akalitundika, akauliza nyundo iko wapi.